Aliyegongwa kwa Nyuma Darajani

Mama mmoja aitwaye Gwalugano aliokotwa saa kumi na mbili na robo asubuhi kwenye Daraja la Mawe, Tunduma, mguu umevunjika, kopo la rangi nyeupe limemwagika pembeni yake. Ukungu ulikuwa bado mzito. Aliyemgonga alikuwa ameshatoweka.

Mji ulichachamaa, na ulikuwa na haki. Daraja hilo limevusha chumvi ya Ivuna, kahawa ya Iyula, maharusi na majeneza, wala halijamnyima mtu njia. Baba yake Gwalugano alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe yake kichwani. Tangu mzee azikwe, binti yake hupaka rangi vyuma vya ukingo kila mwaka, bila kutumwa na ofisi yoyote. Mtu wa namna hiyo akigongwa na kuachwa, hata vibaka wa sokoni hukasirika.

Saa mbili polisi walikuwa wameshapata mtu. Alikuwa Clever, dereva wa kenta iliyoingia alfajiri na kahawa kutoka Iyula. Kenta ilikuwa na mkwaruzo ubavu wa kushoto, na Gwalugano alikutwa kwenye ukingo ambao magari yanayoingia mjini huupitia. Nje ya kituo, aliyepaza sauti kuliko wote ni Nsajigwa, mtoto wa dada yake Gwalugano. Alikuwa amerudi juzi kwa basi kutoka Kolwezi, Kongo, alikoendesha malori ya mgodi kwa miaka.

"Apelekwe mahakamani leo leo," alisema. "Mama mdogo ndiye aliyenilea."

Koplo Raudha, mpelelezi wa kituo, aliukagua ule mkwaruzo. Ulishaota kutu. Akaenda hospitali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Gari uliliona?"

"Ningelionaje? Lilinipiga kwa nyuma."

"Ulikuwa unaelekea wapi?"

"Nyumbani, ng'ambo ya mto. Nilipita kulia kama tulivyofundishwa shule, ili magari yanayokuja niyaone. Manesi wanasema nimechanganyikiwa. Kilichovunjika ni mguu, siyo kichwa."

Raudha alicheka. Alimpenda mama huyo papo hapo.

Saa nne alikuwa darajani. Mawe yalikuwa imara kama siku yalipopangwa, lakini pale alipookotwa Gwalugano chuma kimoja cha ukingo kilikuwa kimepinda. Kilipindia ng'ambo. Gari linaloingia mjini lingekipindia mjini. Kwa hiyo lililomgonga lilikuwa linatoka mjini, tena likipita upande wa kulia, mahali ambapo dereva wa Tanzania hana shughuli.

Nsajigwa alikuwa amesimama na watu upande wa pili wa barabara. Raudha alimwita. Nsajigwa akatazama kushoto, akaingia barabarani, na bodaboda iliyotokea kulia ikamkosa kidogo tu. Dereva wake alimtukana kwa Kinyiha, ndugu zake wote wakiwemo.

"Kongo wanaendesha upande gani?" Raudha aliuliza.

"Kulia, afande."

"Tangu urudi umeendesha gari lolote?"

"Pikapu ya kaka. Ipo kwa fundi."

"Ananyoosha ubavu upi?"

Nsajigwa aligeuka kuwatazama watu aliokuwa amesimama nao.

"Naweza kwenda kuutazama mwenyewe," Raudha alisema, "au unaweza kuniambia."

"Wa kulia." Akakaa chini kwenye mawe. "Daraja lilikuwa tupu, afande. Ukungu. Mikono ikanipeleka kulekule ilikozoea. Sikujua ni yeye mpaka niliposikia watu wanamlilia."

"Mazoea yana taabu, hilo nakuelewa. Na Clever?"

"Niliogopa. Nikaona akifungwa yeye, mama mdogo hatajua kwamba ni mimi."

Watu waliokuwa wakimshangilia kituoni sasa walimtazama kwa kinyaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi ndicho kinacholia kwa sauti kubwa.

Clever aliachiwa kabla ya adhuhuri. Alivuka daraja taratibu, mkono mmoja nje ya dirisha, akiupungia ukingo kama mtu anayemsalimia ndugu.

Jioni Raudha alirudi hospitali kumweleza Gwalugano. Alikuwa ameiogopa safari hiyo siku nzima. Mama alilia kwanza, kwa muda mrefu, bila kujificha. Kisha akafuta uso kwa kanga.

"Chuma kilichopinda msikibadilishe," alisema. "Nikipona nitapaka rangi daraja zima, ila hicho nitakiacha. Mwambie akitoka jela aje akipake mwenyewe."