Msichana wa Nne

Pakiti ilibaki moja tu, na mikono iliyoifikia ilikuwa miwili.

"Samahani, hii yangu," alisema mwanamke.

"Dada, mimi nimeiona tangu niko mlangoni."

"Kwani nimekuuliza umeiona lini? Nimeishika."

Watu walikuwa wakimiminika kutoka kwenye treni za jioni pale stesheni ya Ueno, kila mmoja na haraka zake. Duka lenyewe lilikuwa dogo kama kabati, likiuza vitu vya kaskazini, na hawa wawili waligombania figili za kukaushwa kwa moshi, ambazo mtu wa Tokyo hana habari nazo lakini mtu wa Akita huziota usingizini. Mwanamke alivaa koti la sufu la rangi ya haradali na skafu ya kijani iliyozungushwa hadi kidevuni. Mwanamume alikuwa na madoa ya wino vidoleni, na miwani yake ilikuwa imeingia ukungu kwa joto la duka. Aliivua, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaduwaa.

"Onodera? Chigusa Onodera wa Yokote?"

Mwanamke akaangua kicheko, na mwisho wa kicheko ukatoka mkoromo mdogo puani. "Haa! Satake! Mpaka leo hujajifunza kufuta miwani?"

Walisoma darasa moja huko Yokote, mkoani Akita, hadi walipofika miaka kumi na mitano, baba yake Chigusa akahamishwa kikazi na familia ikaondoka. Sasa Chigusa alikuwa akisafisha meno ya watu katika kliniki moja ya Nippori. Kuniaki Satake alisema yeye anachora.

"Unachora nini?"

"Katuni za vijana. Hutazipenda."

"Kweli, hata sizitazami."

Kuniaki alishusha pumzi kama mtu aliyesamehewa faini. Chigusa hakuliona hilo. Alikuwa anafungua pakiti kwa meno.

Waliila yote wamesimama kwenye baa ndogo ya jirani, kwa bia baridi, na kabla ya kuagana wakapeana namba. Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula?" Kuniaki angeuliza.

"Nimekula. Wewe je?"

"Tambi za kikombe."

"Tena? Mpenzi, utakufa ukiwa na rangi ya tambi."

"Njoo unipikie basi."

"Nije kwako nikute wino hadi kwenye sufuria? Njoo wewe. Na uoge kwanza, mwalimu."

Alimwita hivyo kwa utani, baada ya kumsikia mhariri wake kwenye simu akimwita mwalimu, kama wachoraji wanavyoheshimiwa Japani, kila neno la tatu. Kuniaki alikuwa akija kweli, ameoga, na mfuko wa machungwa mkononi. Alikuwa mpole. Alikumbuka kwamba Chigusa hali uyoga. Usiku wa theluji ya kwanza alimfunga kamba za viatu katikati ya njia, watu wakiwapita, na Chigusa akajiambia, huyu ndiye.

Siku moja mwezi wa Februari, msichana wa shule aliketi kwenye kiti cha kliniki. Kwenye begi lake kilining'inia kidoli cha msichana mnene, mashavu mekundu, kikombe mkononi. Kilipogusa mkono wa kiti, kikatoa sauti: "Nikikaa karibu nawe, hata vidole vya miguu havisikii baridi!" Halafu kikacheka, na mwisho wa kicheko kikakoroma.

Chigusa alisimama na kifaa chake hewani.

"Dada, humjui Momo?" msichana alishangaa. "Wa kwenye katuni! Kuna kijana anapendwa na wasichana wanne, naye hana habari. Momo ndiye wa nne, wa kuchekesha. Hawezi kushinda huyo! Pale anapomwambia kijana anampenda, kumbe wenzake wamejificha nyuma ya kibanda cha theluji wanasikiliza. Tulicheka mpaka basi. Shule nzima tunaisema kauli yake hiyo ya vidole."

"Nani amechora?"

"Mwalimu Satake. Kila mtu anamjua."

Chigusa alimaliza kazi yake, jino baada ya jino, kisha akaenda chooni akakaa. Maneno yale alikuwa ameyasema kwa mdomo wake, akiwa na miaka kumi na mitano, ndani ya kibanda cha theluji siku ya sikukuu ya Yokote, mshumaa ukiwaka, akimkabidhi Satake kikombe cha togwa moto ya mchele. Wavulana walilipuka kwa kicheko nyuma ya ukuta. Satake naye alicheka. Baba yake alipotangaza uhamisho, ni Chigusa peke yake nyumbani aliyefurahi.

Hakupokea simu wiki nzima, wala ya pili. Hatimaye Kuniaki akamngoja nje ya kliniki, safari hii amevaa suti.

"Nipe dakika tano, Chigusa. Baadaye ukitaka, nitukane."

Walitembea hadi bwawa la Shinobazu. Mayungiyungi yalikuwa mabua makavu yaliyokatika viuno, na upepo ulichoma.

"Sikukuchora kukudhihaki," alisema. "Nilikuwa siwezi kukusahau."

"Umenikumbuka vibaya basi. Nimekuwa kidoli kinachokoroma."

"Mhariri ndiye aliyetaka achekeshe. Mimi nilimpenda Momo kuliko wote. Na sasa sikiliza: hadithi inafika mwisho. Nimebadilisha. Momo ndiye atakayechaguliwa. Wasomaji watapiga kelele, acha wapige." Akatoa kijisanduku mfukoni, akakifungua. Pete ilikuwa nyembamba, nzuri. "Na mimi nakuchagua wewe. Nioe... hata maneno yananipotea. Olewa nami."

Chigusa aliitazama pete. Ilikuwa kweli anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nikuulize kitu kimoja. Kwenye katuni yako, yule kijana hajui kwamba wenzake wamejificha?"

"Hajui."

"Na wewe?"

Kuniaki aligeuka kulitazama bwawa. Bata wawili walipita majini.

"Nilijua," alisema. "Mimi ndiye niliyewaita. Nilikisia utasema nini, nikaogopa kubaki nawe peke yangu, nikawaita ili iwe mzaha. Nilikuwa mtoto, Chigusa."

"Hata mimi nilikuwa mtoto. Lakini aliyemchora yule kijana kama asiye na kosa ni mtu mzima."

"Nitaichora upya. Kesho asubuhi nitawaambia..."

"Usichore tena chochote changu." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila hasira. "Hilo ulilosema sasa, ungeniambia Ueno siku ile ya figili, ningekununia wiki nzima. Halafu ningeolewa nawe."

"Nimechelewa?"

"Umechelewa, Satake."

Alikuwa hajamwita kwa jina la ukoo tangu jioni ile ya kwanza. Kuniaki alilisikia, akafunga kijisanduku. Hakujua afanye nini na mikono yake, basi akainama, chini kabisa, kama mtu anayemwomba radhi mkubwa wake ofisini. Chigusa naye akainama, kwa adabu, kama anavyowainamia wagonjwa mlangoni mwa kliniki. Kisha akakaza skafu shingoni na kuondoka kuelekea stesheni, akilia waziwazi, na watu wakampisha njia.