Mvua ya Ndani ya Baa

"Kaka, hama hapo!"

Alichelewa. Kengele ilikuwa imeshalia, wateja wa mchana wamefunika glasi kwa viganja, na mabomba ya darini yakamwaga mvua ya maonyesho ya kila siku juu ya minazi ya plastiki, kasuku wa mbao, na mgeni mwenye shati jeupe la kitani.

"Hoteli gani hii, mvua inanyesha ndani?"

"Wenyeji wanajua kiti hicho hakikaliwi." Mhudumu alimpa taulo huku akicheka, gauni lake la maua likicheka naye.

Kicheko kikazaa simu za kila jioni. Mhudumu akamsimulia mgeni yale ambayo bango la mlangoni, lenye jina la tajiri aliyemiliki hoteli, limeyameza: tajiri alitoa amri tu. Kaunta ile aliijenga baba yake mhudumu, mbao kwa mbao, bila msumari. Wafanyakazi walipogoma, yeye ndiye aliyetupwa nje wa kwanza. Alikufa hajawahi kuketi pale hata kama mteja. Wanyonge hujenga, wakubwa huandikwa!

"Na wewe, mpenzi, kazi yako hasa nini?"

"Useremala," mgeni alijibu, akabadili mazungumzo.

Kumbe baa inavunjwa. Mpishi ndiye aliyemnong'oneza: "Fundi wa kuvunja ni huyo huyo wako."

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Kimya. Alikimbilia baa, na kabla hajafika akasikia nyundo.

"Msaliti! Ungeniambia!"

"Nilikuogopa." Seremala aliinuka, vumbi la mbao nyusini. "Ningekataa, angekuja mwenye shoka. Tazama nyuma yako."

Kwenye korido, juu ya mablanketi, kaunta ya baba yake ililala vipande vizima, kila kiungo kimefunguliwa, hakuna kilichopasuka.

"Nimewaambia wenye hoteli ujira wangu ni hizo mbao. Zitakaa kwa mama yako mpaka tupate nyumba."

"Tupate? Nani na nani?"

"Mimi na binti wa fundi. Akinitaka."

Mhudumu alitazama ukuta uliobaki uchi. Kisha akapiga kengele, akafungua koki ya mabomba ya darini.

"Hama hapo, fundi."

"Sihami," alisema, akakalia kile kiti kisichokaliwa.

Mvua ikashuka. Mhudumu naye akavuta kiti kingine, akakiweka pale pale wenyeji wasipokaa, akaketi.

"Sogea basi," alisema, "unanibana, mume wangu."