Sindano Iliyomkimbiza Sabina

Siku walipokutana, Sabina alimtukana kwanza.

Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa wa dharura, hospitali moja ya pale Mwanza mjini. Mabenchi yamejaa. Mtoto aliyeungua na uji analia, mzee anakohoa, mama mmoja anabishana na mlinzi kwa sababu ya kapu la chakula. Sabina ameketi mwisho wa benchi, kitenge amejifunga kichwani mpaka kimeziba macho, blauzi yake nyeupe ya kazini imelowa jasho shingoni, mapajani amepakata kopo la kutapikia. Kipandauso kilikuwa kimemshika upande wa kushoto, jicho linapiga kama lina moyo wake lenyewe. Na juu yake taa ya tyubu inawaka, inazima, inawaka, inazima.

Chini ya taa hiyo, kwenye ngazi, alisimama kijana wa ovaroli la bluu.

"Wewe wa huko juu," Sabina akasema bila kufunua uso, "hiyo taa ama iwake ama ife. Chagua moja, mshenzi wewe."

Kijana akatazama chini, akaliona lile kopo, akaelewa. Akaing'oa taa yote, na ile kona ikaingia giza zuri. Mlinzi akamfokea kwamba ameitwa kutengeneza, si kung'oa. Kijana akamwambia taa nayo ni mgonjwa, leo amempa mapumziko.

Sabina akacheka, na kicheko kikamuumiza mpaka kwenye meno. Lakini alicheka.

Huyo kijana ni Nestory, fundi umeme, amepanga chumba Nyakato, kazi zake ni za kuitwa kwenye hospitali na viwanda. Siku ile Sabina aliwekewa dripu yenye dawa ya maumivu, akalala saa mbili, akaamka mzima. Alipotoka akamkuta fundi bado yupo, anakagua swichi ambayo haikuwa na ubaya wowote. Wakapeana namba. Sabina akamwandika kwenye simu "Fundi Taa". Nestory akamwandika "Chagua Moja".

Miezi sita ikapita haraka. Sabina alikuwa anafanya kazi kwenye duka la fotokopi huko Nyamagana, karibu na mabenki, na kila saa saba mchana simu yake ilikuwa inaita. Nestory anauliza umekula nini, Sabina anasema nimekula karatasi za watu. Nestory anasema njoo nikulishe, Sabina anamjibu kwanza ununue meza, huwezi kulisha mtu kitandani. Jumapili walikwenda ufukweni kula sato wa kukaanga na kutazama korongo wakigombania matumbo ya samaki. Sabina alivaa gauni la njano lililombana kiunoni. Nestory alipiga pasi shati mpaka mikunjo ikasimama yenyewe. Kichwa kilipomshika Sabina, mara mbili tatu kwa mwezi, alijifungia kwa dada yake Winnie pale Mkuyuni, na Nestory alikuwa anakaa nje ya mlango kimya, kazi yake kufukuza wenye redio.

Basi ikapangwa Jumamosi, mama yake Nestory aje kutoka Misungwi amwone mchumba, pale pale kwa Winnie.

Sabina hakulala vizuri. Asubuhi akasimama mbele ya moshi wa mkaa, akakaanga, akachemsha, akapika ugali wa watu kumi wakati wageni ni wawili. Saa tano alianza kuona vimulimuli pembeni ya jicho. Akanyamaza, akaendelea kupika. Mgeni alipoingia, Sabina alipiga magoti vizuri, akasema, "Shikamoo mama." Aliposimama, akatapika mbele ya viatu vya mkwe.

Wakapakizana kwenye bajaji, wote wanne, mpaka hospitali. Siku hiyo muuguzi alikuwa mmoja na foleni ndefu. Akatoboa mshipa, akachukua sindano ya kuzuia kutapika, akaisukuma yote kwa mara moja, akaenda kwa mwingine.

Hazikupita dakika kumi. Kutapika kuliisha, lakini kitu kingine kikaingia. Sabina alilala, akakaa, akalala, akasimama. Miguu ilitaka kwenda. Ndani ya ngozi kama siafu wamemwagwa, na moyoni hofu isiyo na sababu, hofu tupu, ya kutaka kutoka, kutoka wapi hajui. Akajaribu kujishika kwenye kitanda. Akakiacha. Akaing'oa sindano ya mkononi, damu ikadondokea gauni la njano, akatoka peku mpaka getini, anakwenda, anarudi, anakwenda.

Nestory akamfuata. "Sabi, kaa chini. Mama anakuangalia."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Unanikimbia mimi?"

"Niache. Sitaki kukaa na wewe, sitaki kukaa na mtu yeyote. Niache niende."

Watu wa getini wakageuka wote. Mama yake Nestory alisimama na mkoba wake kwapani, akatazama ile miguu peku inavyozunguka, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Mwanangu, huyo ana vyake. Kichwa hakimkimbizi mtu."

Mwuza karanga akaongeza kwamba ni mapepo, anayajua. Ikawa imekwisha. Winnie alimkumbatia mdogo wake kwa nguvu, akampeleka nyumbani, na ilipofika jioni ule wasiwasi ukamtoka wenyewe. Akabaki na kichwa, na aibu.

Nestory hakupiga simu siku hiyo, wala kesho yake. Siku ya nne Sabina akapiga yeye.

"Ulisema hutaki kukaa na mimi," Nestory akaanza.

"Nilisema. Sijui kwa nini nilisema."

"Mtu mzima hajui alichosema?"

"Nestory, miguu ilikuwa inaenda yenyewe. Mimi nilikuwa naifuata."

Upande wa pili ukasikika msumeno wa mtu. Kisha Nestory akasema kwamba mama anaona wangoje kwanza. Kwamba aombewe. Halafu watazungumza.

Kibaya zaidi ni kwamba Sabina aliamini. Angesema nini? Yeye ndiye aliyeisikia hofu ile mwilini, na haikuwa na jina. Akapelekwa kuombewa Jumapili mbili. Mhubiri akamuuliza pepo jina lake mara tatu, pepo akakaa kimya. Akina mama waliomshika mikono walichoka, maana dada wa watu alisimama ametulia kama nguzo, anawahurumia wao.

Akaapa hospitali hakanyagi tena. Kichwa kikimshika anakwenda duka la dawa, anachukua vidonge vya maumivu. Viwili asubuhi. Baadaye vinne. Baadaye hata kabla kichwa hakijauma, anameza ili kisiume. Dada yangu unayesoma, simama hapa kidogo uhesabu vya kwako. Sabina alikula vidonge kila siku miezi miwili, na kichwa kilichokuwa kinauma mara tatu kwa mwezi kikaanza kuuma kila siku ya Mungu. Akapungua mpaka sketi ikawa inazunguka. Pale dukani mwanga wa mashine ukipita chini ya kifuniko, anageuza uso ukutani, wateja wanadhani ana majivuno.

Nestory naye hakutulia. Alilibadilisha jina la "Chagua Moja" kwenye simu, akalirudisha, akalifuta, akakuta namba ameishika kichwani. Mama yake akamtajia binti wa Magu. Akasema ataangalia. Hakwenda kuangalia.

Alhamisi moja akaitwa pale pale hospitali, kubadilisha feni ya chumba cha dharura. Yuko juu ya ngazi, saa tatu asubuhi, akaletwa mwuza nyama mmoja, bwana mkubwa mwenye shingo nene, anaitwa Shimba, anatapika tangu alfajiri. Akachomwa sindano. Nestory akaendelea na skrubu zake. Mara akasikia kitanda kinalia. Shimba alilala, akakaa, akalala, akasimama. Akaanza kutembea, ukuta hadi ukuta, jasho linamtoka.

"Nifungulieni mlango," akasema. "Sina ugomvi na mtu. Siwezi kukaa tu."

Skrubu ikamdondoka Nestory. Mwendo ule aliujua.

Hakuna aliyetaja mapepo. Muuguzi mmoja wa makamo, Rebeka, aliinua kadi, akamuuliza mwenzake ametoa sindano gani na ameisukuma kwa muda gani, akatikisa kichwa, akaleta sindano nyingine. Robo saa baadaye Shimba ameketi, anaomba soda.

Nestory akashuka. Akamuuliza muuguzi ni nini kile. Rebeka akamweleza bila haraka kwamba ile ni dawa nzuri ya kichefuchefu na kichwa, lakini kuna miili haipatani nayo, hasa ikisukumwa haraka. Mtu anataka kukimbia na hajui anakokimbilia. Huandikwa kwenye kadi asipewe tena, basi.

"Na maneno anayoyasema wakati ule?"

"Usimshike nayo," Rebeka akasema. "Hapo mtu anaweza kumfukuza hata mama yake."

Nestory aliiacha ngazi imesimama na feni inaning'inia. Alimpigia Sabina simu mara saba. Ya nane ikapokelewa na Winnie.

"Shemeji wa zamani. Umepotea namba?"

Akamwomba Sabina. Winnie akasema Sabina hana masikio leo, yuko chini tangu alfajiri, anatapika maji ya njano, na hospitali amekataa, afadhali afie hapa. Nestory akarukia bodaboda mpaka Mkuyuni.

Chumba kilikuwa na mapazia mawili mawili. Sabina alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, mkono wake umekuwa mwembamba kama wa mtoto. Nestory akakaa sakafuni, akaeleza yote kwa sauti ya kunong'ona: mwuza nyama, sindano, Rebeka, kadi. Sabina akasikiliza bila kugeuka.

"Huyo mwuza nyama alikimbia?"

"Alitaka kuvunja mlango."

"Ukasema ana mapepo?"

"Hapana."

"Kwa hiyo mwanaume mwenye tumbo lake akikimbia ni dawa," Sabina akasema polepole, maana kila neno lilimgonga jicho. "Mimi nikikimbia nina vyangu. Mwuza nyama umemwamini kwa dakika kumi, Nestory. Mimi ulinijua miezi sita."

"Ni kweli."

"Usiniambie ni kweli. Nataka ubishe ili nikufukuze."

"Sibishi. Ukipona unifukuze vizuri. Sasa hivi twende, mlangoni nitaeleza mimi."

Sabina akakaa, akafunga macho kwanza mpaka chumba kikaacha kuzunguka. "Nitaeleza mwenyewe," akasema. "Wewe shika kopo."

Akaeleza mwenyewe. Kitenge machoni, mkono kwenye meza ya mapokezi, alisema wazi kwamba mara ya mwisho sindano ya kutapika ilimkimbiza mpaka getini, na asipewe tena. Wala hakuchekwa. Daktari Yeremia aliandika kwenye kadi kwa wino mwekundu, akapigia mstari. Kisha akauliza anakula vidonge vingapi kwa siku. Hapo Sabina akainama. Akamwangalia Nestory, akatazama sakafu, akasema vinane. Miezi miwili.

Daktari hakumgombeza. Alimwambia dawa ya maumivu ikiliwa kila siku hugeuka, inakuwa ndiyo inayoleta kichwa. Leo watamtuliza kwa dripu, dawa nyingine ya maumivu na nyingine ya kichefuchefu, polepole. Baada ya hapo vidonge vile aache, arudi kliniki apewe dawa ya kuzuia. Wiki mbili za kwanza za kuacha zitakuwa mbaya, asidanganywe.

Pazia likavutwa. Dripu ikaanza kudondoka. Sabina akamwambia Nestory asimuulize chochote mpaka aamke, akapotea usingizini. Alipofungua macho ilikuwa alasiri, na ule upande wa kushoto wa uso ulikuwa wake tena.

"Nilisikia unaongea na mtu huko nje."

"Na mama."

"Ulimwambia sina mapepo?"

"Nilimwambia siku ile wewe ulikuwa unatembea tu. Aliyekimbia ni mimi."

Sabina akamtazama. Ovaroli lake lilikuwa na vumbi la dari, na kidole kimoja kinavuja damu hajui. Akauliza mama amesemaje. Nestory akasema alibisha sana, akanyamaza sana, kisha akauliza kama binti ameweza kula.

"Una neno unataka kuniuliza," Sabina akasema. "Naliona linakuhangaisha. Leo usilitoe. Umemsikia daktari, wiki mbili. Nitatapika, nitakufukuza, nitasema maneno mabaya kuliko yale ya getini, na safari hii nitakuwa na akili zangu. Ukiwepo siku ya kumi na tano, uliza."

Zilikuwa mbaya kweli. Siku ya tatu alimrushia kikombe. Siku ya sita alilia apewe kidonge kimoja tu, nusu tu, na Winnie na Nestory wakakaa mlangoni wakiziba njia na wao wanalia. Siku ya tisa alimwita majina ambayo hayaandikiki. Siku ya kumi na moja alikula wali.

Siku ya kumi na tano ilikuwa Ijumaa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Nestory alikuwa ameshasimama nje ya mlango, shati limepigwa pasi, mkono ameuinua kugonga, akaushusha, akauinua tena, akaushusha.

"Nakusikia unavyohema," Sabina akasema kutoka ndani. "Uliza."