Maiti Ndani ya Wando

Lazhar alidhani amenasa pomboo.

Alfajiri hiyo maji yalikuwa yamekupwa, naye alikuwa akikanyaga tope kuelekea kwenye wando wake, ule uzio wa makuti ya mtende ambao baba yake aliurithi kwa babu yake. Kikapu begani, sigara mdomoni. Akaona kitu kimejikunja kwenye chumba cha mwisho, pale samaki wanapokosa pa kwenda. Akainama. Sigara ikamdondoka.

Alikuwa mwanamke. Alivaa vazi la kuogelea la buluu, nywele zimejisokota kwenye makuti, na samaki wadogo walikuwa wakirukaruka kwenye kidimbwi kando ya mkono wake. Mkono wenyewe ulikuwa na pete ya ndoa.

Ukelele alioupiga Lazhar uliamsha nusu ya kisiwa cha Karkena.

Inspekta Rafika alifika miguu mitupu, viatu kavishika mkononi. Alizaliwa kisiwani hapo, upolisi kaufanya mpaka mvi zikamtoka, na bado alisimama pale kinywa wazi. Kisha akavua shali yake, akamfunika yule binti taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Unamjua?" aliuliza.

"Ndiye yule mgeni wa jana," Lazhar alijibu, meno yakigongana. "Alikuja alfajiri kunishikia makuti yangu, nikamfokea. Jamani, Rafika, nilimfokea!"

Sajini Anis, kijana aliyehamishwa kutoka mji mkuu mwezi huohuo, alisogea. "Afande, majirani wote walizisikia hizo kelele. Na leo maiti imo ndani ya mtego wake. Nimtie pingu?"

"Mtego ni wake, Anis. Kifo bado hatujajua ni cha nani."

Lakini kabla ya adhuhuri daktari wa hospitali ya kisiwa alitoa majibu ya uchunguzi wa maiti, na majibu hayakuwa mazuri kwa Lazhar.

"Maji yamo mapafuni," alisema daktari. "Ila kisogoni kuna michubuko ya vidole. Huyu hakuzama, Rafika. Kazamishwa."

"Saa ngapi?"

"Jana. Zaidi ya hapo siwezi kuapa, maji yameshavuruga kila kitu."

Simu ikaja kutoka Sfaksi, ng'ambo: mtuhumiwa aletwe kwa kivuko cha jioni. Anis akafunga pingu. Lazhar akaketi kwenye benchi la kituo, mikono mapajani, akimtazama Rafika kwa jicho la mtu aliyesalitiwa.

"Utaniacha nipelekwe kama kondoo wa Idi? Mimi na wewe tuliwahi kugombania tende moja!"

"Na ukaila wewe."

"Basi ndiyo unanilipisha leo?"

"Nyamaza na midomo yako, hiyo ndiyo imekuleta hapa. Baada ya kumfokea, ilikuwaje?"

Lazhar alishusha pumzi. "Aliniomba radhi. Akaenda, akarudi na mkate na jibini, tukala tumesimama kwenye tope. Akaniuliza kwa nini samaki hawatoki walikoingilia. Nikamwambia wanayafuata maji, na maji yanawaacha. Akacheka! Akasema, 'Lazima mume wangu aone hii.' Akakimbia kwenda kumwamsha. Sikumwona tena, naapa kwa mama yangu."

Rafika alimwamini. Lakini kivuko hakisafirishi imani, na saa zilikuwa zinakwenda.

Akamwita mume.

Aliitwa Nizar, mfamasia kutoka Tunis. Macho mekundu, nguo safi. Mikononi alishika kofia mbili za ukindu, moja ndani ya nyingine.

"Pole, mwanangu."

"Asante, mama."

"Mlikuja lini?"

"Juzi usiku, kwa kivuko cha mwisho. Hatukupanga. Olfa aliamka tu akasema, 'Twende kisiwani, leo hii, kabla hatujaghairi.' Nguo akazitia mkoba mmoja. Kofia hizi kazinunua bandarini."

"Ndoa ina muda gani?"

"Miaka saba."

"Watoto?"

"Mungu hajajaalia." Alilisema haraka, kama mtu anayeondoa kidole kwenye chungu cha moto.

"Mara ya mwisho kumwona?"

"Jana alasiri. Adhana ilikuwa inalia. Tulikuwa kwenye lile gati la mawe mbele ya nyumba tuliyopanga. Akapanda juu, akaniambia, 'Nitazame!' Akajirusha kichwa mbele, maji yakaruka mpaka yakanilowesha. Nikamwacha anaogelea, nikaenda mkahawani kucheza karata. Niliporudi baada ya magharibi hayupo."

Anis alidakia. "Wa mkahawani wamethibitisha, afande. Aliingia alasiri, hakuinuka mpaka magharibi."

Rafika alikuwa amemkazia macho Nizar.

"Alijirusha kichwa mbele," alisema.

"Ndiyo."

"Kutoka gatini. Jana alasiri."

"Mama, nimeshamweleza sajini. Nataka kumchukua mke wangu twende nyumbani."

"Utakwenda." Rafika aliweka kalamu chini. "Unapenda vitendawili?"

Nizar alimtazama kama aliyesikia tusi. "Wakati huu?"

"Ndio ugonjwa wangu, nisamehe. Kitendawili!"

Adabu ikamlazimisha. "Tega," alisema kwa sauti ndogo.

"Mgeni wangu huja mara mbili kwa siku, huondoka mara mbili kwa siku, na hata siku moja sijamwona akifungua mlango."

"Mwizi?"

"Hapana."

"Jua?"

"Jua mara mbili kwa siku! Fikiri njiani, baba. Twende tukachukue nguo za marehemu, wanawake wanangoja kumwosha."

Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, imegeuzia baharini dirisha kubwa lenye mbao za buluu. Mlango wake ulifungukia upande wa pili, kwenye mitende na njia ya kwenda mkahawani. Ndani kulikuwa giza totoro. Kitanda hakijatandikwa. Mkoba ule mmoja ulikaa sakafuni, nguo za kike na za kiume zimekunjwa pamoja.

"Mbona giza hivi?" aliuliza Rafika.

"Jua kali."

"Umefunga tangu lini?"

"Jana... asubuhi."

"Hujafungua tena?"

Nje, muadhini akaanza adhana ya alasiri.

"Adhana ileile," Rafika alisema. "Fungua, mwanangu. Nioneshe alipojirushia."

"Mama, tafadhali."

"Fungua."

Aliondoa komeo. Akasukuma mbao.

Bahari haikuwepo.

Gati lilisimama peke yake juu ya tope, mawe yake makavu mpaka chini. Mashua zimelala ubavu. Wanawake wawili, magauni wameyafunga kiunoni, walikuwa wanachimba chaza pale ambapo Nizar alisema Olfa alijirusha. Mbali kabisa, wando wa Lazhar ulitokeza kama meno ya kitana, na nyuma yake maji yalikuwa uzi mwembamba unaometameta.

Nizar alishika dirisha kwa mikono miwili. Kofia zikaanguka.

"Iko wapi?" alinong'ona. "Bahari iko wapi?"

"Kwenu Tunis haiendi popote, najua. Huku hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, ndiye mgeni wangu wa kitendawili. Na juzi mwezi ulikuwa mpevu, maji yanakwenda mbali zaidi. Jana adhana hii ilipolia, hapo palikuwa hivi hivi unavyopaona. Angejirusha kichwa mbele, tungemwokota shingo imevunjika kwenye tope. Mapafu yake yasingekuwa na maji."

Anis, aliyewafuata, alishika kichwa. Kayaandika maelezo yale kwa mkono wake, hata hakushtuka.

"Maji yalifika gatini asubuhi tu," Rafika aliendelea, na sauti yake haikupanda. "Asubuhi ndipo ulipomzamisha. Ukamwacha humo. Maji yalipoondoka yakamchukua, yakampelekea Lazhar kama yanavyompelekea samaki. Nawe ukafunga dirisha, ukangoja alasiri, ukaenda kutafuta mashahidi mkahawani."

Nizar aliteremka taratibu mpaka akaketi sakafuni.

"Sikuweza kuitazama," alisema. "Nilikaa humu gizani nimeipa mgongo. Nilijua ipo. Bahari si ipo tu?"

"Kwa nini, mwanangu?"

Muadhini alimaliza.

"Kasoro ni yangu," Nizar alisema. "Daktari aliniambia mwaka wa kwanza wa ndoa. Sikumwambia mtu. Mama yangu alimwita Olfa mti mkavu mbele ya wageni, kila sikukuu, nami naangalia sahani yangu. Akanyweshwa dawa za mizizi, akapelekwa makaburini kwa mawalii, nami namshikia mkoba."

"Na jana akakwambia amejua."

"Tulikuwa ndani ya maji. Ameniwekea mikono mabegani. Akasema ana miaka mitatu anajua. Yeye daktari alimwambia hana tatizo, akaelewa mwenyewe, akanyamaza ili mama asinidharau. Akasema kanileta huku anieleze mbali na watu, nitue mzigo. Akasema, 'Tubaki wawili, Nizar. Wawili tunatosha.'"

Rafika alikwisha kusikia wanaoua kwa wivu, kwa shamba, kwa pombe. Hili hakuwahi.

"Alikusamehe," alisema. "Mtoto wa watu alikusamehe!"

"Angenitukana ningevumilia!" Nizar alipiga kelele, kisha sauti ikakatika. "Miaka mitatu ananimiminia chai akijua. Kila nilipoangalia sahani, alikuwa ananiona. Na pale ananitazama kwa huruma, anatabasamu. Nilitaka asinitazame vile, basi. Nikamgeuza. Nikamshika kisogo. Aliponyamaza nikamwita, Olfa, Olfa, na..."

Rafika aliinama, akaziokota zile kofia mbili.

Kituoni, Anis alifungua pingu za Lazhar bila kumtazama usoni. Lazhar alivisugua vifundo vya mikono kwa vidole, hakutukana mtu, jambo lililowashangaza wote. Akaomba ruhusa moja: akang'oe wando wake. Hatavua mahali pale tena msimu huu.

"Kesho," Rafika alimwambia. "Nitakuja nikusaidie."

Jua lilikuwa limeinama walipompeleka Nizar kwenye kivuko. Katikati ya daraja la kupandia alisimama. Chini yake maji yalikuwa yanarudi, yanalamba nguzo. Aliyatazama mara ya kwanza tangu jana.

"Alfajiri aliniamsha," alisema, kama anayejisemea. "Miguu yake ya baridi, imejaa tope. Akanivuta shuka. 'Nizar, amka uone! Bahari imeondoka!' Nikadhani ni mzaha wake. Nikageukia ukutani."