Upepo Usio wa Tairi

Kijiti kilikuwa nje. Mzee Geji alisimama mbele ya kabati lake la vioo, kikombe cha chai mkononi, akakodoa macho. Geji zake zote kuukuu za kupimia upepo wa matairi zilikuwa zimelala juu ya kitambaa, vijiti vyao vyenye namba vimezama ndani kama inavyotakiwa, isipokuwa ile aliyoipata jana kwa muuza vyuma chakavu. Hiyo ilikuwa imechomoza kijiti chote, kana kwamba imebanwa kwenye tairi lililojaa. Na tairi halikuwapo.

"Springi imechoka," alijiambia, akakirudisha kwa kidole.

Alikuwa fundi wa matairi enzi zake. Tangu mkewe afariki, geji ndizo zilizompa sababu ya kuamka. Alijua kuzikadiria umri: yenye namba kubwa mara nyingi ni ya zamani zaidi, kwani matairi ya kale yalikuwa membamba na yakijazwa upepo mkali; yalipokuja matairi manene, namba zikashuka. Na mwaka uliogongwa ubavuni usikudanganye, maana mara nyingi ni mwaka wa kuandikisha ubunifu, si wa kutengeneza geji yenyewe. Haya alikuwa tayari kumweleza yeyote. Shida ni kwamba huyo yeyote hakuwapo.

Ile mpya ilimtoa jasho. Shaba ya kale, namba ndogo za juzi, alama hakuna. Akaitia mdomoni kuipuliza vumbi, kama alivyozoea, na hapo ndipo alipoharibu. Kijiti kiliruka hadi mwisho. Kifua cha binadamu hakina ubavu wa kusogeza geji ya tairi, hilo kila fundi analijua.

"Kumbe! Wewe ni wa lini?" aliuliza kwa mzaha.

"Sssss," geji ikajibu, na harufu ya mpira uliopata moto ikatanda sebuleni.

Mwingine angetimua mbio. Yeye alivuta kiti akaketi, kwa sababu tangu msiba hakuna aliyewahi kumjibu ndani ya nyumba ile. Akaanza kuisimulia: jinsi mkewe alivyomcheka kwa mikono yake isiyotakata, jinsi alivyougua, jinsi sahani moja inavyochosha kuosha kuliko sahani kumi, na kila alipotua ile sssss ikamwitikia, kijiti kikatoka kidogo zaidi na pumzi zake zikapungua kidogo zaidi, hata ikawa kutoka kitandani hadi sebuleni lazima ashike ukuta, na akijizuia kuhema ili asikilize, anasikia kifua kingine kikipanda na kushuka kando ya sikio lake, taratibu, kama cha mtu aliyeshiba.

Binti yake alipokuja kumjulia hali, aliganda mlangoni.

"Baba," alinong'ona, "humu ndani anahema nani?"

"Si mimi?"

"Wewe na nani?"

Hakungoja jibu. Alitoka mbio akarudi na mganga, mama mnene mwenye miwani, ambaye alinusa hewa na kukataa kiti.

"Mzee, ulikipuliza hiki kidude?"

"Nilitoa vumbi tu."

"Ulimpa upepo wako, na yeye mwenyewe ni upepo. Nyie mafundi mnadhani upepo wote ni wa matairi!" Akashusha sauti. "Ni jini, anakunywa pumzi. Nimemshika, lakini kumtoa siwezi. Wewe uliyempa kwa mdomo ndiwe utakayemtoa kwa mdomo. Mwambie toka. Neno moja tu. Ukimwacha, atakumaliza."

Kijiti kikaanza kutetemeka. Binti akapiga magoti, mkoba ungali begani. Siku zote alipokuja hakuutua, maana siku zote alikuwa na pa kuwahi.

"Sema, baba. Nitakuwa nakuja kila wiki. Wallahi nitakuja."

Mzee alimtazama. Alimpenda mno, na alijua kwamba kwa saa ile anasema kweli. Akafungua mdomo.

"Sssss," ikasema geji, kwa upole.

"Baba, nakuomba, kabla haija—"

Mzee Geji aliinua kiganja kumnyamazisha, uso umemnawiri kwa namna ambayo binti hakuwa ameiona tangu wamzike mama yake.

"Ngoja, mwanangu," akasema kwa pumzi ndogo iliyombakia. "Mwenzio anaongea."