Kifurushi Kimoja cha Bluu

Studio ilifurika watu waliotaka picha za pasipoti, kila mmoja na haraka zake. Mwalimu mmoja mwenye gauni la kijani alikuwa amefika kaunta pale pazia zito la chumba cha giza lilipofunguliwa na mpiga picha akatokea. Nyuma yake kuliwaka taa nyekundu. Mwalimu akasahau kilichomleta.

"Samahani, kaka. Hiyo taa haiharibu karatasi zako za picha?"

"Haiharibu, dada, hata ikae inawaka. Ila ukiwasha nyeupe, kufumba na kufumbua karatasi imeungua yote. Marehemu baba alinifundisha hivyo. Kwa nini, hata yeye hakujua."

Kuna wanawake wanaoyeyuka wakiitwa warembo. Huyu aliyeyuka akisikia "kwa nini." Akatua mkoba juu ya kaunta.

"Mwanga hautiririki kama maji ya bomba. Unakuja kwa vifurushi vya nishati, kimojakimoja, vinaitwa fotoni. Vya nyekundu ni dhaifu. Hata vije vingi vipi, kila kimoja kinagonga karatasi peke yake na kushindwa peke yake. Cha bluu kina nguvu ya kutosha."

"Kumbe si wingi."

"Si wingi hata kidogo. Ni nguvu ya kila kimoja."

"Nyie mkisomeshana, sisi tunazeeka hapa!" mama mmoja alifoka kwenye foleni.

Mpiga picha akacheka. Alikuwa mrefu, mikono ya shati imekunjwa, vidole vina madoa ya dawa za kusafishia picha. Namba ya simu aliiomba kabla hata hajamwambia akae kwenye kiti.

Mapenzi yakanoga. "Fotoni wangu, umekula?" "Nimekula, mpenzi. Wewe umenawa hayo madawa yako?" Katika simu hizo mwalimu alimwambia linalomnyima usingizi. Alikuwa ameomba kufundisha fizikia chuoni, akakataliwa mara mbili. Kipindi chake cha majaribio, walisema, ni maneno matupu.

"Safari hii sitawaeleza, nitawaonyesha," alisema. "Nikikosa tena, mlango umefungwa."

"Basi karatasi, dawa na taa niachie mimi. Nimebakiwa na pakiti moja, na siku hizi haziuzwi popote. Ni yako."

Lakini kipindi kilipokaribia, simu za jioni zikaanza kuita bila kupokelewa. Dada yake mwalimu hakuwa na dogo.

"Jioni ndiyo saa za wenye wake, mdogo wangu. Fumbua macho!"

Wivu ukampanda. Akaenda studio, akapita kaunta bila hodi, akalivuta pazia kwa nguvu zote.

"Funga!" mpiga picha alipiga kelele. Alikuwa peke yake, ameinama juu ya pakiti iliyo wazi. Mwanga wa dukani ulikuwa umeshaingia, na karatasi zote zimeharibika.

"Simu zangu je?" mwalimu aliuliza, sauti imeanza kupungua.

"Simu naiacha kwenye droo kule nje. Kioo chake kina bluu ndani, si ulinifundisha mwenyewe? Nilikuwa najaribu taa ya kipindi chako, nisije nikakuaibisha chuoni."

Mwalimu aliona aibu hadi masikio yakamwaka. "Nisamehe. Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Karatasi haziniumi kama hilo. Nenda tu nyumbani."

Alienda, akalia, kisha akanawa uso. Hakuwa mtu wa kulia mara mbili kwa jambo moja. Kesho yake alizunguka kila studio ya zamani mjini, akifukuzwa huku na kuchekwa kule, mpaka mzee mmoja mstaafu akampa karatasi aliyoisahau kabatini. Moja tu. Akapiga simu mchana.

"Nimepata karatasi. Kipindi ni kesho asubuhi. Naomba uje na taa yako. Usipokuja nitafundisha hivyohivyo, lakini nataka uje."

"Nitaleta taa," mpiga picha alijibu, akakata.

Maabara ilizibwa madirisha. Mwalimu, katika sketi ya bluu na blauzi nyeupe, aliweka karatasi chini ya taa nyekundu mbele ya mkuu wa chuo na wanafunzi. Akafundisha, nayo ikimulikwa muda wote.

"Sasa weka ufunguo," alimwambia mpiga picha, kama walivyokubaliana zamani.

Akaweka juu ya karatasi kitu kidogo kutoka mfuko wa shati. Mwalimu akamulika mara moja tu kwa tochi iliyofunikwa karatasi ya bluu, mpiga picha akakifumbata kitu chake, na mwalimu akaizamisha karatasi ya picha kwenye dawa. Weusi ukaanza kupanda, ukatanda kote, isipokuwa mahali pamoja. Hapakuwa na umbo la ufunguo. Lilikuwa duara dogo jeupe, lenye kinundu juu.

"Pete!" wanafunzi walinong'ona.

Mkuu alikohoa. "Mwalimu, tueleze tunachokiona."

Mwalimu akanyoosha kidole kwenye picha. "Peusi ni mahali fotoni za bluu zilipofika. Peupe, zilizuiwa. Nyekundu ilimulika hapo hapo kipindi kizima, na haikufanya kitu."

"Na kilichozuia?"

Mpiga picha alifungua kiganja. "Tumeongea mengi kwenye simu," alisema taratibu. "Leo nimekuja na hili moja."

"Si ulinikasirikia?"

"Bado nimekasirika kidogo. Nitakasirika nikiwa mumeo."

Darasa likaangua kicheko. Furaha ilimjaa mwalimu, lakini hii kazi aliisotea.

"Kipindi hakijaisha," alisema. "Kaa chini."

Akakaa. Mwalimu akaisuuza picha, akaandika hesabu ya nishati ya fotoni ubaoni mpaka jibu la mwisho, akauliza nani hajaelewa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mkuu akafunga kalamu yake.

"Jumatatu uje kusaini mkataba."

Hapo ndipo mwalimu alipogeuka, akanyoosha mkono wa kushoto, vidole bado vimelowa dawa.

"Ngoja nikaushe."

"Usikaushe," mpiga picha alisema, akamvisha.