Insha ya Leonsia Kuhusu Bomba la Kijiji

"Kwani bomba hilo linatoa maji saa ngapi, nami nipeleke ndoo yangu?"

Mama Agutu, jirani yao, aliuliza hivyo alasiri moja akitoka ziwani, ndoo ikiwa kichwani. Leonsia alikuwa ameketi mlangoni akimsomea mama yake insha kwa mbwembwe: "Kijiji chetu cha ujamaa kimepiga hatua. Bomba letu linabubujika maji safi usiku na mchana." Mama yake, Wilhelmina, aliendelea kuchambua pamba. Bomba lile lilikuwa limekauka miezi minne sasa.

"Ni maneno ya insha tu, mama," Leonsia alijitetea.

"Haya. Basi leo nitapikia insha," Mama Agutu alisema, akaenda zake.

Kesho yake, Jumatano, Mwalimu Josephat aliisoma insha mbele ya darasa la saba. "Sentensi hii imetoka gazetini. Hii imetoka redioni. Hii ni ya Chenge, aliyemaliza mwaka jana. Ya Leonsia iko wapi?"

"Kasuku!" Shimba, aliyeketi nyuma yake, alinong'ona, na darasa likaangua kicheko.

Leonsia hakuweza kuinua uso. Sekondari ya masista mjini Mwanza ilikuwa na nafasi moja tu kwa msichana wa kata yao, na insha ndiyo ingeamua. Ingepelekwa Ijumaa. Naye alikuwa ameiandika moja kwa moja kwenye karatasi safi, wakati karatasi zilikuwa za shida. Mwalimu alimpa moja, ya mwisho. "Ukiiharibu hii, sina nyingine," alisema.

Nyumbani alilia mpaka kwikwi. Baba yake alikwisha fariki. Nafasi hiyo ikipita, hakuona mbele yake ila jembe.

"Nilisali upate nafasi," mama yake alisema polepole. "Sikusali uipate kwa uongo. Hebu tazama pamba hii. Unavuna, unaanika, unachambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Ndipo unafunga gunia. Wewe umefunga gunia hata shambani hujaenda."

Alhamisi baada ya masomo, Leonsia alichukua penseli na kipande cha mfuko wa saruji, akaenda kuuliza watu. Mzee Longino, fundi wa bomba, aliitikia shikamoo yake, kisha akamweleza kwamba ngozi ya ndani ya pampu ilikuwa imekatika. "Nimetoa taarifa ofisi ya kijiji mara tatu. Mdomo umechoka, mjukuu wangu."

Kwa Akelo hakukaa sana. Mama yule kijana alimwonyesha kaburi dogo nyuma ya migomba. "Andika jina lake. Jairo. Miezi kumi na mmoja. Alikunywa maji ya ziwa, akaharisha siku tatu. Umeandika?"

"Nimeandika, dada."

Penseli ilikuwa nzito mkononi. Alirudi nyumbani akitamani insha ile isingekuwapo kabisa. Nafasi ya kusoma ilikuwa na thamani gani mbele ya kaburi lile?

Hata hivyo aliketi. Jua lilikuwa bado juu ya mawe ya ziwani. Alipanga aliyoyasikia: chanzo kwanza, madhara yafuate, kisha la kufanya. Akaandika, akafuta, akaandika tena kwenye mfuko uleule. Alipomsomea Mama Agutu, jirani alimkatiza: "Umesema 'wengi waliugua.' Wengi ndio wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Basi sema kumi na wanne!"

Asubuhi ndipo alipoigusa karatasi safi.

Ijumaa hiyo mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Malimi, alifika darasani na muhuri wake, kwa kuwa barua haikutoka kijijini bila muhuri. Leonsia alisoma insha yake mpya. Alipomaliza, hakuna aliyecheka.

"Nani amekutuma kuandika haya?" mwenyekiti aliuliza.

"Hakuna, Mwenyekiti. Niliuliza watu saba. Majina yao haya hapa kwenye mfuko huu."

"Mbona mimi hukuniuliza?"

"Jana nilikuja ofisini mara mbili. Niliambiwa uko Magu, mkutanoni."

Ndugu Malimi aliuchukua ule mfuko wa saruji. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye jina la Jairo.

Mwalimu Josephat aligeukia darasa. "Watoto, insha haianzii kwenye karatasi. Inaanzia miguuni. Nenda, uliza, sikiliza. Kisha panga, andika, msomee mwenzako akukosoe. Kuandika safi ni mwisho. Anayeruka hatua hizo hujaza nafasi kwa uongo, na uongo mliousikia juzi haukumnywesha mtoto yeyote maji."

Mwenyekiti alifungua kikopo cha wino. Aligonga muhuri chini ya mstari wa mwisho wa Leonsia, akavaa kofia yake, akatoka.